Korosho Hupimwa Ikitoka, Chumvi Haipimwi Ikiingia

Kila msimu wa korosho unapofika, dola ya Tanzania huonekana kwa macho katika wilaya za Masasi na Newala. Chama cha msingi hupima, mzani hukaguliwa, gunia hupata stakabadhi, ghala hufungwa kwa kufuli, mnada hutangazwa, na makato huhesabiwa hadi shilingi ya mwisho. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mkoani Mtwara mwaka 2007, kilo ya korosho haitakiwi kuondoka katika uwanda wa Makonde bila karatasi. Hata mnunuzi wa kangomba, anayejipenyeza vijijini usiku na fedha mkononi, husakwa na vyombo vya dola kama mhalifu mkubwa.

Kwenye barabara hizo hizo, kwa mwelekeo wa kinyume, hupanda malori na pikipiki zilizobeba viroba vya chumvi kutoka pwani. Viroba hivyo hufunguliwa sokoni na kwenye magulio, na chumvi huuzwa kwa kopo na kwa fungu. Haina nembo wala jina la mzalishaji, na ni nadra mno mtu wa serikali kusimama mbele yake na kuuliza kama ina madini joto au haina.

Hoja yangu ni moja. Upungufu wa madini joto na maradhi ya tezi ya shingo kwa watoto na vijana wa Masasi na Newala hautokani na ujinga wa wananchi wala uchache wa maarifa ya kitabibu. Ni matokeo ya uamuzi wa kisiasa: dola imechagua cha kupima na cha kutopima. Inapima kile inachokitoza kodi na kukiacha kile kinachojenga ubongo wa mtoto.

Nianze na mambo ya msingi, maana mjadala huu umeharibiwa kwa muda mrefu na maneno yasiyoeleweka. Mbele ya shingo, chini kidogo ya zoloto, kila binadamu ana tezi ndogo yenye umbo la kipepeo iitwayo dundumio, ambayo hospitalini huitwa thairoidi. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoongoza kasi ya mwili mzima: mapigo ya moyo, joto, kukua kwa mifupa na, zaidi ya yote, kujengeka kwa ubongo wa mtoto aliye tumboni na wa mtoto mchanga. Homoni hizo haziwezi kutengenezwa bila madini joto. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mikrogramu 250. Jumlisha mahitaji ya mtu aliyeishi miaka 70, hayafiki gramu 4. Kijiko cha chai hakijai.

Madini hayo yakikosekana, tezi huvimba kwa kujitahidi kukamata kidogo kilichopo, na uvimbe huo ndio wazee wetu waliouita rovu. Hapa ndipo kosa la kampeni zetu lilipoanzia. Kwa miaka mingi mabango ya afya yalionesha shingo zilizovimba, na wananchi wakaelewa kwamba ugonjwa ni shingo. Aliyejitazama kwenye kioo asione uvimbe alijihesabu kuwa mzima. Jina lenyewe, “madini joto”, halikusaidia, kwa sababu halina ndani yake neno ubongo, wala mtoto, wala mimba. Ukweli ni kwamba rovu ni sehemu ndogo ya hasara. Sehemu kubwa haina alama: mtoto anayechelewa kuongea, mwanafunzi mzito wa kushika somo, kijana mfupi kuliko alivyopaswa kuwa, binti ambaye hedhi yake haina mpangilio na anayepoteza mimba bila kujua sababu. Tafiti za nchi mbalimbali zimekadiria kwamba watoto wanaokulia katika upungufu mkubwa hupungukiwa, kwa wastani, pointi kati ya 7 na 13 za kipimo cha akili. Sisemi kwamba kila anayefeli darasani Newala amefelishwa na chumvi. Shule zisizo na walimu zina hesabu yake. Lakini wapo wanaofelishwa kabla hawajazaliwa, na hao hatuna haki ya kuwaita wavivu.

Jambo la pili la msingi ni wakati. Katika wiki za mwanzo za ujauzito mtoto hana tezi inayofanya kazi. Hutegemea homoni za mama kikamilifu. Tunajua kwamba wanawake wengi nchini huhudhuria kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa imeshapita miezi mitatu. Na hata anayewahi hupewa vidonge vya kuongeza damu ambavyo havina madini joto ndani yake. Kwa hiyo kliniki, hata ingekuwa nzuri namna gani, hufika baada ya msingi kumwagwa. Kinga pekee inayomfikia binti kabla hajajua kuwa ni mjamzito ni ile iliyomo katika chungu cha nyumbani kila siku, yaani chumvi.

Sasa nizijibu hoja ambazo nimezisikia mara nyingi kutoka kwa watu wenye vyeo na elimu.

Hoja ya kwanza husema: “Mtwara ni mkoa wa pwani, watu wanakula samaki, hawana shida ya madini joto.” Hoja hii ilishajibiwa na Pemba. Utafiti wa Vincent Assey na wenzake, uliochapishwa mwaka 2006, ulipima watoto wa shule katika visiwa vya Zanzibar, ambako bahari iko kila upande. Pemba, karibu theluthi moja ya watoto walikuwa na rovu, na kaya zilizokuwa na chumvi ya madini joto zilikuwa za kuhesabika. Watu walidhani bahari inawalinda, na chumvi waliyokuwa wakila ilitoka katika bahari hiyo hiyo. Maji ya bahari yana madini joto, lakini chumvi inayopatikana kwa kuanika maji hayo juani hubaki nayo kidogo mno yasiyofaa kitu. Bila kuongezewa, chumvi ya bahari ni chumvi tupu.

Ikiwa Pemba ilikuwa hivyo, vipi Newala? Newala iko juu ya uwanda, ukingoni, pale ambapo mtu husimama Shimo la Mungu akatazama chini hadi bonde la Ruvuma. Masasi iko ng'ambo ya uwanda, bara zaidi, katikati ya milima yake ya mawe. Samaki wa bahari hufika huko akiwa mkavu, mdogo na ghali. Udongo wa uwanda ni wa kichanga. Mvua huzama chini na kwenda zake, na ndiyo maana vizazi vya akina mama vimeshuka na kupanda miteremko kutafuta maji mabondeni. Kuiita Newala “pwani” kwa sababu makao makuu ya mkoa yako baharini ni kusoma ramani ya utawala badala ya sahani ya mwananchi.

Na katika sahani hiyo kuna muhogo. Hapa Masasi na Newala zina mzigo ambao mikoa mingi haina. Muhogo mchungu, unaopendwa kwa sababu nguruwe pori na wezi hawauvamii kirahisi, una sumu ya sayanaidi. Ukiandaliwa kwa muda wa kutosha, sumu hutoka. Ukiandaliwa kwa haraka, hubaki, na mwili huibadilisha kuwa thayosianeti, kemikali inayoizuia tezi kukamata madini joto. Mwenye madini joto ya kutosha hustahimili. Aliyepungukiwa hupigwa mara mbili.

Jambo hili si nadharia ya maabara. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, François Delange na André Ermans walieleza hali ya kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo. Sehemu mbili za kisiwa kimoja zilikuwa na upungufu uleule wa madini joto, lakini rovu lilikithiri upande mmoja. Tofauti waliyoibaini ilikuwa muhogo. Na hapa kwetu, mwaka 1988, wilayani Masasi kulizuka wimbi la watu kuleweshwa na muhogo ambao haukuandaliwa vya kutosha. Nicholas Mlingi na wenzake walilichapisha mwaka 1992. Njaa ilikuwa imewafanya watu wafupishe njia: badala ya kuanika makopa kwa siku nyingi, walitwanga na kuanika kwa haraka, unga unaoitwa chinyanya. Miaka ya 2001 hadi 2003 wilaya za Mbinga na Mtwara zilipata milipuko ya konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na bila kurudi, ukiwalenga zaidi watoto na wanawake vijana. Ng'ambo ya Ruvuma, katika jimbo la Nampula, Msumbiji, ambako Wamakua wa Masasi wana asili yao, mlipuko wa mwaka 1981 ulipooza zaidi ya watu 1,000.

Konzo ilipotokea, wataalamu walikuja, magazeti yaliandika, na vipeperushi vilichapwa. Kiasi cha sumu kisichotosha kupooza miguu bado kinatosha kuidhoofisha tezi ya mtoto kwa miaka, na hicho hakijawahi kumleta mtu kwa gari la serikali. Ilhali dawa yake ni nyepesi. Mlingi na wenzake walionesha mwaka 1996 kwamba kusaga muhogo kwa mashine kunapunguza uwezo wake wa kuleta rovu. Howard Bradbury, wa Australia, alieleza njia ya kulowanisha unga kwa maji, kuutandaza tabaka jembamba juani kwa saa 2 au kivulini kwa saa 5 ili sumu ipepee, kisha kuupika jioni ileile. Njia hii haihitaji mtaji wowote, bali inahitaji bwana shamba na mhudumu wa afya waliopewa kazi ya kuifundisha.

Hoja ya pili husema: “Tatizo hili lilikwisha.” Wanaosema hivyo wana sehemu ya ukweli. Tanzania ilianza kugawa vidonge vya mafuta ya madini joto mwaka 1986 katika wilaya zilizoathirika zaidi, kwa uongozi wa Taasisi ya Chakula na Lishe, na katikati ya miaka ya 1990 kanuni za kulazimisha chumvi iwekwe madini joto zilianza kutumika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004 uliona kwamba rovu kwa watoto wa shule limeshuka kutoka asilimia 25 ya miaka ya 1980 hadi asilimia 7. Ni moja ya mafanikio makubwa ya afya ya jamii katika nchi hii, na hatuyasemi vya kutosha. Wachumi Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walidai mwaka 2009 kwamba watoto ambao mama zao walipata vidonge vile walisoma muda mrefu zaidi shuleni, hasa wasichana; wengine waliorudia hesabu zao wakaona athari ndogo kuliko iliyodaiwa. Mabishano hayo ya wasomi ni halali, lakini hayagusi swali la kama ubongo wa mtoto unahitaji madini joto. Hilo lilishafungwa.

Lakini wastani wa taifa ni blanketi linalofunika miguu iliyo nje. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2015–16 ulionesha kwamba takriban kaya 6 tu kati ya 10 nchini ndizo zenye chumvi yenye kiwango kinachotosha. Na katika orodha za mikoa, Lindi na Mtwara zimekuwa mkiani. Yaani mikoa inayozalisha chumvi ndiyo iliyo nyuma katika kula chumvi salama. Wahenga walisema mwenye shoka hakosi kuni. Sisi tumefaulu kuutengua msemo huo.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi: “Wazalishaji wetu ni wadogo na maskini, mkiwabana mtawaua.” Naikubali nusu yake ya kwanza. Wachumvi wa Lindi, Kilwa na Mtwara hufanya kazi ngumu, juani, katika mashamba madogo yaliyotawanyika, kwa bei ya chini, na mvua moja ya ghafla huwafutia kazi ya wiki nzima. Kenya ilifanikiwa kufikisha chumvi yenye madini joto katika zaidi ya kaya 9 kati ya 10 kwa sababu, pamoja na mambo mengine, chumvi yake nyingi hutoka kwa makampuni makubwa machache ya pwani ya kaskazini ya Malindi. Ni rahisi kukagua mageti machache kuliko mamia ya mashamba.

Ila nusu ya pili ya hoja hii ni kisingizio. Mkulima wa korosho naye ni mdogo na ametawanyika, na dola imempata, kwa sababu iliamua kumpata. Ilijenga maghala, ikaunda vyama, ikaimarisha vyama vikuu vya MAMCU na TANECU, ikaweka mizani kijijini. Mkorosho ukipata ubwiri unga, serikali huleta salfa, na katika misimu ya karibuni imeigawa kwa ruzuku. Kwa nini basi mzalishaji wa chumvi asipewe aiodeti ya potasiamu kwa ruzuku kupitia chama chake, na mashine ya kuchanganyia katika kituo kimoja cha ukusanyaji? Mchumvi hana haja ya kufungiwa shamba. Anahitaji kile alichopewa mkulima wa korosho: pembejeo, chama na mzani.

Kikwazo ni kwamba chumvi imekuwa mtoto wa kambo mwenye baba wengi. Katika sheria zetu ni madini, hivyo leseni yake iko kwa watu wa madini. Ikiliwa ni chakula, na tangu mwaka 2019 usalama wa chakula umehamishiwa Shirika la Viwango. Madhara yake ni ya Wizara ya Afya. Soko inakouzwa ni la halmashauri, inayokusanya ushuru. Kila mmoja ana kipande cha mamlaka na hakuna mwenye mtoto. Ukiuliza nani anawajibika kwa kiroba kile kilichofunguliwa sokoni Newala, utaelekezwa ofisi hadi ofisi mpaka gulio lifungwe.

Na bado sijagusa watoto wanaozaliwa na tezi isiyofanya kazi hata mama akila chumvi bora kabisa. Duniani, takriban mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 4,000 huzaliwa hivyo. Hulala sana, hanyonyi vizuri, hupata choo kwa shida, ulimi wake huwa mkubwa, sauti nzito, kitovu huchomoza. Bibi atasema ametulia. Jirani atasema ana jicho la mtu. Miezi ikipita ataitwa zezeta, na jina hilo atakufa nalo. Akigunduliwa katika wiki za kwanza na kupewa kidonge cha levothairoksini kila siku, hukua kama wenzake. Kidonge hicho kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Jean Dussault alianzisha upimaji wa watoto wachanga kwa tone la damu huko Quebec, Kanada, miaka ya 1970. Nusu karne baadaye, Tanzania haina mpango wa taifa wa upimaji huo.

Tusiambiwe kwamba hatuna uwezo. Tayari wauguzi wetu huchoma kisigino cha mtoto wa mama mwenye VVU, huweka matone ya damu kwenye karatasi maalumu, huikausha na kuituma maabara. Kisigino ni kilekile na karatasi ni ileile. Kinachokosekana ni kipimo cha homoni ya TSH mwisho wa safari na mtu wa kumpigia mama simu majibu yakirudi. Masasi ina Mkomaindo na Ndanda. Newala ina hospitali yake. Mtwara ina Ligula na hospitali mpya ya rufaa ya kanda. Madaktari bingwa wa homoni za watoto wamekuwa wakifunzwa Nairobi tangu mwaka 2008 kwa ajili ya nchi za Afrika. Njia ipo, haijatumika kuwafikia watoto wa kusini.

Wengine watasema nachochea hisia za kusini. Mwaka 2013 watu wa Mtwara na Masasi waliinuka kwa sababu ya gesi, na damu ikamwagika. Gesi iliwaunganisha kwa sababu bomba lilionekana. Hakuna atakayeandamana kwa ajili ya mikrogramu 150. Mtoto aliyepungukiwa hajui kwamba amepungukiwa, na mama yake anadhani ni kudra. Wajibu wa kusema unabaki kwa wanaojua: sisi walimu wa vyuo vikuu, madaktari, wabunge wa mikoa hii. Masasi ilimtoa Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, akaongoza nchi miaka 10. Haiwezekani kusema kwamba uwanda huu hauna akili. Inawezekana kabisa kusema kwamba tunaziachia nyingine zizimike.

Nidai basi mambo manne, yote yanayopimika. Mosi, kila halmashauri ya Masasi na Newala itamke hadharani ofisa mmoja, kwa cheo, anayewajibika kwa chumvi inayoingia wilayani. Pili, kila shule ya msingi ipewe vifaa vya kupimia: mtoto alete kijiko cha chumvi kutoka nyumbani, mwalimu adondoshe tone, chumvi yenye madini joto ibadilike rangi ya zambarau na isiyo nayo ibaki nyeupe. Matokeo yabandikwe katika ofisi ya kijiji kama yanavyobandikwa malipo ya korosho. Tatu, wazalishaji wa pwani wapewe aiodeti kwa ruzuku, na sehemu ya ushuru wa korosho igharimie hilo. Nne, tone la damu la kisigino lipimwe TSH kwa kila mtoto anayezaliwa kituoni, kuanzia mikoa ya Lindi na Mtwara, na levothairoksini isikosekane katika hospitali ya wilaya.

Makungwi wa unyago wangekuwa wa kwanza kuelewa, kwa kuwa wao hukaa na binti kabla ya mume na kabla ya kliniki. Waambiwe jambo moja: chumvi ya binti huyu ndiyo akili ya mwanawe.

Msimu ujao wa korosho mizani itatolewa tena, itasafishwa na kuhakikiwa. Ndugu msomaji, ukiwa mjumbe wa chama cha msingi, diwani, au mzazi tu, simama kwenye mkutano uulize swali moja: katika wilaya hii, chumvi ilipimwa lini mara ya mwisho, na nani? Jibu lao liandikwe kwenye muhtasari.